Kutoka Dodoma hadi Unguja: mwongozo kamili wa siku nane za kupumzika, kuzamia kwa miwani na kuzunguka kwa gari

Wengi wetu hapa Dodoma tukipanga likizo ya Unguja tunaanza na hoteli. Tunatazama picha, tunalipia, tunaomba ruhusa kazini, halafu tunafika na kukuta bahari imeondoka. Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu, tulishuka ufukwe wa Paje saa nne asubuhi. Watoto walikuwa wamevaa nguo za kuogelea tangu wakati wa chai. Mbele yetu palikuwa na mchanga mtupu, vidimbwi vya maji ya kufika kifundoni, na safu za vijiti vya mwani zinazokwenda mpaka jicho linachoka. Mawimbi yalionekana kama uzi mweupe huko mwisho.

Bibi mmoja alikuwa anarudi kutoka kuvuna mwani, gunia kichwani likimchuruzikia maji mabegani. Tulimwamkia. Akasema, "Marahaba wanangu. Maji yametoka hayo. Rudini alasiri." Akaendelea na safari yake.

Tulirudi alasiri, na pale pale tulipotembea kwa miguu palikuwa na maji ya kumfika mtu mzima kifuani, ya kijani kibichi, yametulia. Tangu siku hiyo nimepanga kila safari ya kisiwani kwa kuangalia maji kwanza. Gari, chakula na usingizi vinafuata nyuma, na mwongozo huu nimeuandika kwa mpangilio huo huo.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi kabla ya kutazama hoteli

Sisi wa bara tunahesabu mvua. Watu wa pwani wanahesabu mwezi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na kila siku muda husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanatoka mbali sana na kurudi juu sana, tofauti ikikaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ni ndogo, mkondo ni mpole, na maji huwa maangavu zaidi kwa sababu hayavurugi mchanga.

Kwa Unguja, siku za bamvua maji hupwa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kuanzia saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo yanageuka, yanajaa asubuhi na kupwa alasiri. Ukishajua hayo mawili unaweza kupanga safari nzima ukiwa umekaa nyumbani kwako Area C.

Mpango ninaoupenda ni huu: ondoka Dodoma siku ya mwezi mpevu au siku inayofuata. Siku za mwanzo utakuwa pwani ya mashariki wakati maji yanatoka mbali asubuhi, na utatembea mpaka kwenye mashamba ya mwani. Siku za katikati utakuwa kaskazini, maji yakianza kuwa mafu na kujaa mapema asubuhi, wakati mzuri kabisa wa kuzamia. Na usiku utapata mwezi mkubwa juu ya bahari.

Baada ya mwezi, upepo. Familia nyingi zinabanwa na likizo za shule, Juni na Desemba. Juni hadi Septemba unavuma kusi. Pwani ya kusini-mashariki inachafuka, na boti ya kutoka Dar inaweza kuyumba sana. Ukienda miezi hiyo, punguza siku za Paje na ongeza za upande wa magharibi, yaani Kendwa, Fumba na visiwa vidogo vya mbele ya mji. Desemba kaskazi inaanza, joto linapanda, na mvua za vuli zinaweza kukugusa mwanzoni mwa mwezi. Machi hadi Mei ni masika, na kwa safari ya kuzamia mimi siishauri kabisa. Kama ruhusa yako haitegemei shule, nenda Oktoba au Novemba mwanzoni, upepo ukiwa umepungua kati ya kusi na kaskazi.

Hatua ya pili: jifunze miwani ukiwa bado Dodoma

Kuzamia ninakozungumzia si kule kwa mitungi ya hewa. Ni kuelea kifudifudi ukiwa na miwani inayofunika macho na pua, mrija wa kupumulia mdomoni, ambao mabaharia wanauita snokeli, na mapezi miguuni kama unayataka. Mtoto wa miaka minane anaweza. Hata mtu asiyejua kuogelea anaweza, akivaa jaketi okozi na kukaa karibu na kiongozi. Ila asiyewahi kuweka uso majini asijifunzie katikati ya bahari. Dodoma kuna hoteli zenye mabwawa ya kuogelea yanayopokea watu wa kulipia kwa siku. Jumamosi mbili zinatosha.

Nunua miwani yako mwenyewe kama mfuko unaruhusu. Za kukodi boti zima linashirikiana, na mpira wake huwa umekakamaa. Kuipima ni rahisi: iweke usoni bila kupitisha mkanda kichwani, vuta pumzi kidogo kwa pua, halafu achia mkono. Ikibaki imeganda usoni, ni yako. Ikianguka, jaribu nyingine, hata kama muuzaji atakuapia kwamba mkanda utaikaza. Mkanda hauzibi mwanya. Unakuachia alama na maumivu ya kichwa tu. Binti yangu alilia kwamba miwani yake inavuja, na tulikaza mkanda mara tatu kabla sijaona uzi mmoja wa rasta uliopita chini ya mpira pale kwenye paji la uso. Nilipousogeza, maji hayakuingia tena. Kwa wanaume masharubu ndiyo hufanya hivyo. Paka mafuta mazito kidogo juu ya mdomo.

Miwani mpya isugue ndani kwa dawa ya meno kisha uisuuze, la sivyo itaganda ukungu. Kila kabla ya kuingia majini, tema mate ndani ya kioo, sambaza kwa kidole, suuza haraka. Ndivyo wavuvi wanavyofanya.

Kwenye bwawa fanya mazoezi manne, ukiwa unasimama chini bila shida. Kwanza weka uso majini na upumue kwa mrija taratibu, utoe pumzi ndefu kama unayepuliza uji wa moto. Wanaohema harakaharaka ndio wanaoshtuka. Pili, zamisha ncha ya mrija makusudi ili maji yaingie, kisha yapulize kwa nguvu kwa pumzi moja, "tuu!", mpaka yatoke juu. Tatu, ingiza maji kidogo kwenye miwani, inua uso kidogo, bonyeza fremu ya juu kwenye paji la uso, utoe pumzi kwa pua. Maji yatatokea chini. La nne ni la kupumzika: lala juu ya maji bila kufanya chochote kwa dakika mbili. Ukiliweza hilo, umeshaiweza kazi. Mwenye pumu, tatizo la moyo au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kulipia boti.

Hatua ya tatu: kutoka hapa mpaka bandarini

Tangu Julai 2024 treni ya umeme imefanya jambo hili kuwa jepesi. Kilomita kama 450 za barabarani zilikuwa zinakula siku nzima. Treni inatumia karibu saa nne. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000. Kata tiketi mapema, hasa kwa Ijumaa na karibu na sikukuu, na jina lifanane na kitambulisho chako. Fika stesheni saa nzima kabla, maana mizigo inakaguliwa.

Stesheni ya Dar na gati la boti haviko mbali. Ni bajaji ya dakika chache foleni ikiruhusu. Hata hivyo acha nafasi ya saa tatu kati ya treni kufika na boti kuondoka. Tiketi ya boti nunua dirishani au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Nje ya geti utakutana na vijana wanaokuita "bosi" na kutaka kukushikia begi na kukukatia tiketi. Washukuru, shika begi lako, pita. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu nauli ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni na lazima uonyeshe.

Boti ya kasi inatumia kama saa mbili. Kwa sisi tuliokulia kwenye nchi kavu, kichefuchefu ndicho kikwazo: kaa sehemu ya chini kuelekea nyuma, tazama upeo wa bahari, usisome simu, kula kitu kikavu, na kama unatumia dawa ya kuzuia kutapika imeze kabla boti haijaondoka. Beba zabibu. Kilo mbili za zabibu za Dodoma ukimpelekea mwenyeji wako Unguja zinafungua milango ambayo fedha haifungui.

Hatua ya nne: gari

Kuna meli zinazobeba magari kutoka Dar, lakini kwa siku nane haina maana kuvusha lako na kuhangaika na taratibu zake. Kodi huko huko. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 85 na upana usiozidi 40; hakuna mahali utakapoendesha zaidi ya saa mbili kwa mpigo. Magari yanayokodishwa zaidi ni yale madogo ya juu kidogo, kama Suzuki Escudo na Toyota RAV4, na yanafaa, kwa sababu barabara kuu ni za lami ila vichochoro vya kwenda ufukweni vina mawe ya matumbawe yanayochoma matairi.

Matairi ndiyo niliyojifunza kwa gharama. Mwaka mmoja nilipokea gari jioni, nikiwa na haraka, nikasaini bila kufungua buti. Tairi lilipotoboka njia ya Michamvi nikakuta la akiba ni kipara na jeki haipo. Tulikaa saa mbili chini ya mnazi mpaka msamaria akasimama. Sasa napokea gari asubuhi tu. Nafungua buti, nabonyeza tairi la akiba, najaribu jeki, nawasha taa zote, nazunguka gari lote nikipiga picha kila mkwaruzo mbele ya mwenye gari. Naomba kadi na bima niione kwa macho na kusoma tarehe. Leseni yako ibebe yenyewe, si picha yake.

Askari wa barabarani ni wengi na vijiji vimepangana. Ukiona skuli (ndivyo wanavyoiita huko) punguza hadi 30. Matuta yaliyoko kwenye msitu wa Jozani yamewekwa kwa ajili ya kima punju, ambao hawapatikani porini popote duniani ila kwenye kisiwa hiki na visiwa vichache vya karibu. Jaza mafuta mjini kabla ya kwenda shamba, yaani nje ya mji. Usiku usiendeshe kama huna lazima, maana baiskeli, ng'ombe na mikokoteni havina taa.

Hatua ya tano: mzunguko wenyewe

Siku ya kwanza ni ya safari. Lala Mji Mkongwe, tembea Forodhani jioni, kunywa urojo, ulale mapema. Joto la pwani lina unyevu ambao Dodoma hatuna. Kunywa maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji.

Siku ya pili chukua gari asubuhi, elekea kusini-mashariki hadi Jozani, kama kilomita 35. Tembea msituni na kwenye njia ya mbao ndani ya mikoko wakati maji yako nje. Endelea Paje au Jambiani, mfike adhuhuri, mle samaki. Kuanzia saa tisa maji yatakuwa yanaingia. Hapa ndipo pa kuwazoesha watoto: kati ya ufukwe na mwamba wa matumbawe, ambapo mawimbi makubwa hayafiki, kina kikiwa cha kiunoni.

Siku ya tatu amka na ufuate maji yanavyotoka. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu. Akina mama wanalima mwani hapo, na shamba lao ni kama shamba lako la zabibu Mpunguzi: usikanyage kamba, usichomoe vijiti, usipige picha ya mtu bila kuomba. Maji yakianza kugeuka, nawe geuka. Yanarudi kupitia mifereji ya pembeni na yanaweza kukuzunguka. Mchana nenda Kizimkazi Dimbani ukaone msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Pale pale watakushawishi boti ya pomboo. Nimeona boti kumi zikiwafukuza pomboo wanne na sijaenda tena. Jioni rudi kupitia Paje hadi Michamvi, upande wa Kae, ambako jua linazama baharini ingawa uko pwani ya mashariki.

Kutoka Michamvi utaiona Chwaka ng'ambo ya ghuba, karibu kabisa, lakini barabara hakuna. Ndiyo sababu siku ya nne ni ya gari: rudi kuelekea mjini, ingia njia ya Dunga, simama dakika chache kwenye magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, shuka Chwaka, halafu fuata pwani kupitia Uroa, Pongwe na Kiwengwa hadi Matemwe. Usikimbilie. Lala Matemwe kama unataka utulivu, Nungwi kama unataka watu na muziki. Nungwi na Kendwa zina faida moja kubwa, kwamba maji hayatoki mbali na unaogelea muda wote.

Siku ya tano ni Mnemba, nitaieleza chini. Siku ya sita iache wazi. Hiyo ndiyo akiba ukipata upepo siku ya tano, na kama hukupata, ndiyo siku ya kulala mkekani na kitabu. Siku ya saba rudi mjini kupitia Mahonda na Mangapwani, pango la maji baridi na chumba cha mawe walimofichwa watumwa. Usipite bila kuwaeleza watoto kilichofanyika pale. Rudisha gari kabla ya magharibi ukiwa na picha zako mkononi. Siku ya nane boti ya asubuhi, treni ya alasiri.

Ukitoka ufukweni funga kanga au vaa suruali. Vijiji ni vya Waislamu na watu wanajisitiri. Ikiwa ni Ramadhani, usile wala kunywa barabarani mchana.

Hatua ya sita: majini, Mnemba

Kisiwa chenyewe ni cha binafsi, hutashuka. Unachofuata ni mwamba unaokizunguka, ambao ni eneo la hifadhi na una ada yake. Uliza kama imo kwenye bei ya boti. Zungumza na nahodha jioni kabla, ukae naye, umweleze ni wangapi hawajui kuogelea. Muulize mtaondoka saa ngapi na umsikilize: anayekujibu kwa kutaja maji anaijua kazi yake. Hesabu majaketi okozi kabla ya kupanda, moja kwa kila kichwa, na la mtoto liwe la mtoto. Omba kuondoka saa moja asubuhi. Baada ya saa tatu boti zinakuwa nyingi, na mawimbi yake yanaharibu uangavu wa maji.

Vaa fulana ya mikono mirefu. Ngozi nyeusi nayo inaungua, hasa mgongo na nyuma ya magoti, na mafuta ya jua yanaishia majini kwenye matumbawe. Shuka taratibu kwa ngazi, si kwa kuruka. Shika kamba ya boti dakika ya kwanza, weka uso majini, puliza ule uji wa moto mpaka moyo utulie, ndipo uachie. Elea wawili wawili. Inua kichwa kila baada ya muda mfupi uone boti iko wapi. Ukihisi maji yanakusukuma, usishindane nayo. Inua mkono, boti itakufuata. Kitu chembamba kikikuwasha ngozini ni konyeza wadogo, wale viumbe laini kama ute wanaowasha, na fulana inawazuia karibu wote.

Usisimame juu ya tumbawe hata kwa kidole cha mguu. Linaonekana jiwe, lakini ni mnyama hai, na mengi hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Joto la bahari la 1998 na 2016 liliyapausha sana ukanda huu wote, na yaliyobaki yanahitaji miguu yetu ikae mbali. Ukimwona kasa, simama ulipo. Mara nyingi atakusogelea mwenyewe.

Halafu nyamaza usikilize. Chini ya maji kuna mlio kama mtu anatafuna miwa. Ni pono. Tangu utotoni tumeambiwa fulani analala kama pono, na wengi wetu wa Dodoma hatujawahi kumwona. Huyo hapo, wa bluu na kijani na waridi, mdomo mgumu kama wa kasuku, anang'ata mwamba, kipande kinapasuka, na baada ya muda unaona wingu la mchanga likimtoka nyuma. Sehemu ya mchanga mweupe uliolalia jana ufukweni ilipita tumboni mwa samaki kama huyu. Usiku hujificha kwenye mwanya wa mwamba, na baadhi yao hujifunika utando wa ute mpaka asubuhi. Ndipo usemi ule unapopata maana.

Dakika arobaini zinatosha kwa mara moja. Baridi inaingia polepole. Midomo ya mtoto ikianza kutetemeka mtoe, mfunike kanga kavu, mpe chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa uliyobeba. Mwiba ukikuchoma mguuni usiuchimbe. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, na ukiona uvimbe nenda hospitali. Jioni osha miwani, mrija na mapezi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vianike kivulini. Makombe na magamba yaliyo ufukweni yaache hapo hapo, kaa wadogo wanahamia humo.